Kanzu Isiyokauka

Mama yangu, Saleha, hakuwa mtu wa hadithi. Ukimwomba ngano huku anachagua mchele, atakwambia mawe hayatoki kwa maneno. Hii moja alinisimulia, tena mara moja tu, mchana kweupe, ameikalia mikono yake kama mtu anayeona baridi. Nilidhani ni uzee. Nilielewa alipokaribia mwisho.

Nyumba yao ilikuwa Chumbageni, na barazani alikaa kaka yake, Kombo, akitengeneza pasi za mkaa. Ukimpelekea pasi iliyotoboka, jioni unaichukua ikiwa nzima, na neno hakuambii. Alikuwa amerudi kutoka vita vya Bama, vile vya Mwingereza na Mjapani, na alirudi na mikono yake yote na miguu yake yote. Hilo ndilo lililomponza. Mtaani pale aliyerudi akitembelea gongo aliitwa shujaa, na aliyerudi mzima aliulizwa alikuwa wapi wenzake wakifa.

Kombo hakujibu. Wala hakuvua shati mbele ya mtu. Alioga kajifungia, alilala na shati, hata joto la kaskazi lilimkuta na shati. Watu wakasema hana alama ya kuonyesha, ndiyo maana. Wakasema alifika Mombasa, akaosha masufuria ya wazungu, akatoroka. Wakambandika jina, Bwana Masufuria, na mwanamke mmoja aitwaye Chiku, mdomo wake haujui kupumzika, akalitia kwenye nyimbo za harusi. Mama yao, Bi Mwanamkasi, aliacha kwenda harusini.

Mwaka wa hamsini na tatu Kombo alishikwa na kifua, hakuinuka tena. Alipozidiwa alimtaka Idarusi. Huyu Idarusi ndiye aliyekuwa mwosha maiti wa mtaa, naye alikuwa ndugu yao wa ziwa. Mamake alikufa akimzaa, na Bi Mwanamkasi akamchukua akamnyonyesha pamoja na Kombo, huyu titi hili na yule lile. Kombo alimwambia maneno machache, na mama yangu aliyasikia kwa sababu ndiye aliyekuwa akimpepea.

"Utakaloliona, lifunike."

"Nimelifunika," Idarusi akasema.

Kombo akafa, Idarusi akamwosha, na mjomba wao mmoja mzee akimmwagia maji. Kila mtu pwani anajua kwamba mwosha akitoka kwenye lile pazia, macho yake yamekwisha kusahau. Aliloliona kwa maiti ni la maiti. Jambo moja tu mama yangu alilikumbuka siku ile: mlango ulifunguliwa kidogo, mkono wa Idarusi ukatoka, akaomba pamba. Akapewa. Mkono ukatoka tena, ukaomba nyingine. Nani huuliza habari ya pamba siku ya msiba? Kombo akazikwa, na mjomba naye akafuata baada ya miezi.

Bi Mwanamkasi hakutulia. Mwanawe alikuwa kaburini na watoto wa mtaa bado wanaimba Bwana Masufuria. Akajua kuna nishani, wanapewa waliopigana, na hata aliyekufa nyumba yake hupewa. Akamshika mama yangu mkono wakaenda Boma. Karani pale alikuwa kijana wa Kibondei, Fanueli, mtu mpole. Alitafuta karatasi, akarudi na uso wa mtu anayechukia kazi yake. Karatasi zilisema Kombo aliugua homa njiani, hakufika vitani.

"Ila, mama," Fanueli akamwambia, "kama kuna mtu aliliona jeraha la risasi kwa macho yake, aje aseme mbele ya Bwana Shauri. Risasi haimkuti mtu njiani."

Na aliyeuona mwili wa Kombo na bado yu hai alikuwa mmoja, Idarusi.

Idarusi alikataa. Alikataa kwa adabu, kichwa chini, akimwita mama. Alisema ameahidi, na hata asingeahidi, ya maiti hayatoki. Bi Mwanamkasi alikwenda siku ya pili, akakataliwa. Mara ya tatu hakuingia ndani. Alikaa kizingitini pa Idarusi, akashusha ukaya wake hadi mabegani, kichwa wazi, watu wanapita. Mama yangu alikuwa kasimama kando anatamani ardhi ipasuke.

"Idarusi, nilikunyonyesha na mwanangu akilia njaa. Usiposema, maziwa yangu sikuhalalishii. Nenda nayo mbele ya Mungu ukayajibie."

Hakuna mtu wa pwani anayeweza kulibeba hilo. Idarusi akainama, akauinua ukaya, akamfunika kichwa. Akasema atakwenda.

Walikwenda asubuhi, watatu. Idarusi alivaa kanzu nyeupe aliyofua mama yangu, maana mkewe alikuwa amefariki na nguo zake zilifuliwa kwetu. Mbele ya Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya, alisema vizuri, taratibu, na Fanueli akafasiri. Kombo alikuwa na tundu la risasi mgongoni. Lilikuwa chini ya bega, lilikuwa la zamani na halikufunga. Bwana Shauri akauliza, chini ya bega kiasi gani? Idarusi akatafuta neno. Fanueli akafasiri vibaya, Bwana Shauri akatikisa kichwa, hakuelewa.

Basi Idarusi akageuka, akawapa mgongo, akapeleka mkono nyuma akaweka kiganja.

"Hapa," akasema.

Mama yangu alisikia nywele zinamsimama. Sisi hatujionyeshei. Jeraha la maiti haliwekwi juu ya mwili wa aliye hai, na ikikuponyoka, unasema palepale, Mungu apishe mbali. Idarusi alijua hivyo kuliko wote. Lakini mle ndani mlikuwa na mzungu na karani na mhuri, na labda aliona haya. Hakusema. Mama yangu naye alinyamaza kwa kuogopa kuliharibu shauri, na Bi Mwanamkasi alikuwa anatabasamu. Tangu Kombo afe hakuwa ametabasamu.

Njiani kurudi, Idarusi alitangulia. Mama yangu alikuwa nyuma yake na akaona kanzu imelowa mgongoni, mahali pa ukubwa wa kiganja. Akadhani ni jasho. Jua lilikuwa kali. Walipofika Chumbageni, pale palikuwa bado pamelowa, na kulikuwa na harufu ya kafuri, ile anayotiwa maiti.

Akaifua ile kanzu. Akaianika uani, jua la utosi, na upepo unavuma. Khanga zikakauka, shuka zikakauka, kanzu ikakauka mikono na pindo hadi ikawa kama karatasi. Pale mgongoni palibaki maji. Akaifua tena kwa sabuni na ndimu. Akaibonyeza kati ya viganja. Maji yalikuwa baridi.

Idarusi akavaa kanzu nyingine. Ikalowa. Akavaa shati. Likalowa. Akiinuka barazani, ukutani nyuma yake kulibaki alama, na watu wakaacha kukaa upande ule. Msikitini safu ya nyuma yake ikaanza kuwa na nafasi. Hakuna aliyemwambia neno. Watu wetu wana adabu sana kwenye mambo wanayoyaogopa.

Adhuhuri moja alikuja uani kwa mama yangu, akaketi juu ya kinu. Alikuwa amekonda. Alisema kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtu amelala.

"Saleha. Nilipomwosha niliziba kwa pamba. Ikaingia. Nikaongeza, ikaingia."

"Ikaingia wapi?"

"Sijui. Kuna kitu kilikuwa kinavuta."

Mama yangu akaacha kukuna nazi.

"Sasa yuko nyuma yangu. Mchana, jua likisimama. Ananiambia nifunike. Nami nimeshamfunua. Nitamfunika kwa kitu gani?"

Mama yangu alimpa kahawa. Akainywa yote, akashukuru, akaenda. Juu ya kinu kulikuwa na maji.

Idarusi alikufa kabla ya mfungo. Aliletwa mwosha mwingine kutoka Ngamiani, mtu asiyewajua. Mama yangu alikuwa uani na wanawake, akakaza macho kwenye ule mlango. Ulifunguka kidogo. Mkono ukatoka. Ukaomba pamba.

Hapo nilimwuliza mama kama aliogopa. Akasema aliogopa mpaka hofu ikaisha, kama mafuta yanavyoisha kwenye taa, na baada yake hakuna kilichokuja. Alipika wali wa msiba. Alihesabika miongoni mwa waliao, lakini machozi hayakuwepo.

Alipopata nafasi alimweleza Bi Mwanamkasi yote. Akamwambia, mama, tuiache hii nishani. Yule bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema Kombo wanamwimba akiwa kaburini, na yeye haachi. Alilia kwa ajili ya Idarusi. Alimhalalishia maziwa, akasema kwa sauti, mara nyingi, kaburini kwake. Lakini hakuacha.

Nishani ikaja. Ilikuwa ya duara, ina kichwa cha mfalme na utepe wa rangi. Bi Mwanamkasi aliitwa mbele ya Boma, akapokea kwa mikono miwili. Mchana ule nyumba ilijaa. Walikuja wote, hata waliomcheka, na wa mbele alikuwa Chiku mwenyewe. Akaishika ile nishani, akalia kweli, akaomba radhi, na Bi Mwanamkasi akampa. Mama yangu alikuwa jikoni anakata halua. Aliniambia kwamba kwa kitambo kidogo pale, akiwasikia wanawake wanampigia ndugu yake vigelegele, alifurahi. Alitaka nijue hilo.

Kisha akasikia sauti ya Chiku.

"Alipigwa wapi, bi mkubwa?"

Mama yangu aliangusha sahani. Alikimbia. Ukumbi ulikuwa umejaa miguu na mabuibui, akasukuma watu. Alipofika, mama yake alikuwa amekwisha kuwapa mgongo. Mkono uko nyuma. Kiganja kimelala chini ya bega.

"Hapa," alikuwa anasema. "Mwanangu alipigwa hapa."

Wanawake wakasema pole, wote pamoja. Hakuna aliyesema apishe mbali.

Khanga yake ilikuwa mpya, nyeupe na nyekundu. Mama yangu alisimama akaitazama. Pale palipoondoka kiganja, nguo ilianza kulowa maji.

Bi Mwanamkasi hakuwahi kulalamika. Alilala kifudifudi, na mama yangu akawa anabadilisha shuka asubuhi na adhuhuri. Siku moja akapiga magoti kando ya kitanda, akamwomba waitwe mashehe, wasome, waizike ile nishani, wafanye lolote. Yule bibi akatoa mkono chini ya mto, akamgusa shavu.

"Yuko hapo," akanong'ona. "Simwogopi. Nilimbeba mgongoni akiwa mdogo, sikumwona mzito. Mwache."

Alikufa kabla masika hayajakatika. Mama yangu aliwaambia wanawake watamsaidia maji tu, ataosha yeye. Akafunga mlango. Nilipomwuliza aliona nini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu kisichouzwa.

"Ulilia?" nikamwuliza basi.

"Sikulia. Nilikuwa na ganzi, kuanzia hapa mpaka..."

Mkono wake ulikuwa umeshatoka, umeanza kwenda begani. Akauona. Tulitazamana. Akaurudisha chini ya paja, taratibu, akaukalia. Hakusimulia tena mpaka alipofariki, na aliyemwosha hakuomba pamba. Nilisimama mlangoni muda wote. Nilimshukuru Mungu.

Nishani ninayo mimi. Mama aliiweka kwenye kopo la bati la chai, na kabla hajafa aliniachia wasia kwamba utepe wake haukauki, kwa hiyo niulazie pamba, kopo lisije likaoza. Wageni hupenda kuiona. Huniuliza mjomba alipigwa upande gani, nami nawaambia sijui, huku mikono nimeikalia.

Ninaweka pamba, ninafunga kifuniko, ninaweka kopo juu ya kabati ambako hafiki mtu. Nikifungua, utepe umelowa na pamba haipo. Juzi nimenunua nyingine.