Ngoma Iliyonuka Samli

Kila Jumamosi Dina alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akaenda chumba cha uani kumsaidia mjomba wake Kefa, fundi wa kurekodi muziki mjini Singida. Miaka hiyo redio za watu binafsi zilikuwa zimechipuka, na kila kwaya ilitaka kusikika. Mjomba alitundika magodoro makuukuu ukutani kuzuia kelele za mashine ya kusaga ya jirani, nayo yalinuka jasho la waimbaji wa mkoa mzima. Dina, binti wa kunawa mikono kabla hata ya kumenya chungwa, aliingia humo amebana pua.

Jumamosi moja ilikuwa zamu ya kwaya ya shule yake. Wimbo ulihimiza watu wachemshe maji ya kunywa, na ungepelekwa redioni. Mpiga ngoma alikuwa rafiki yake, Marietha. Ngoma waliiazima kwa babu yake Marietha, Mzee Mazengo wa kijiji cha Mgori, ambaye alikuwa mgonjwa wa kitandani. Mzee aliagiza jambo moja tu, kwamba ngoma isipigwe kabla ya kupashwa moto ili ngozi ikaze. Alisema angewashiwa redio amsikie mjukuu wake, maana hakujua kama angepata nafasi nyingine.

Ngoma ililala kwa akina Dina, kwa hiyo kazi ya kuipasha ilikuwa yake. Aliinama mara moja tu. Lo, karaha gani ile! Ngozi ilipakwa samli, na samli ilikuwa imechacha. Panya waliacha vinyesi pembeni, na manyoya ya ng'ombe yalimnata vidoleni. Akaisukuma kando kwa mguu, naam, kwa mguu, ngoma ya mzee wa watu, akaenda kunawa. Marietha alipouliza, akajibiwa, "Nimeshaipasha. Twende."

Mjomba alirekodi waimbaji kwanza, wakaondoka, kisha akarekodi ngoma peke yake. Ngoma ililia kama debe lililojaa uji. Marietha aliipiga kwa nguvu zaidi na zaidi, bila nafuu. Kwa kuwa alimwamini rafiki yake, alidhani mikono yake ndiyo mibaya. Akatoka nje kwenda kunywa maji, kichwa kimeinama.

"Sijui ngoma hii ina nini," mjomba alisema. "Lakini ziko programu za kompyuta zinazoondoa kila pigo bovu na kuweka sauti safi mahali pake. Ninazo tatu. Tuchague."

Dina akashusha pumzi. Programu ya kwanza ilitoa mlio kama wa bunduki. Ya pili ilikuwa ya disko, mtu angedhani maji yanachemshwa baa. Ya tatu ilikuwa safi, kila pigo sawasawa na lenzake.

"Hii, mjomba. Haina uchafu."

Marietha aliporudi, mjomba akampigia wimbo. Alisikiliza hadi mwisho. "Mjomba, nani huyu anayepiga?"

"Ni wewe. Kompyuta imebadilisha sauti tu."

"Kumbe nilipiga vibaya kiasi hicho," alisema polepole. "Basi babu asiwashiwe redio. Ngoma yake hatakaa aitambue, wala mimi."

Dina alitazama viganja vya mwenzake. Vilikuwa vimevimba na kuiva kwa kuilazimisha ngozi baridi. Kinyaa cha asubuhi kikamrudia, ila safari hii hakikutoka kwenye samli. Alichukizwa na maneno yake mwenyewe.

"Hukupiga vibaya," alisema. "Sikuipasha. Ilinuka, nikakudanganya."

Mjomba alizima kompyuta, akamtazama mpwa wake kwa uso ambao Dina hakuwahi kuuona. "Unanitia kichefuchefu, Dina. Nimehangaika na programu tatu kutibu ugonjwa ambao dawa yake ni moto wa magunzi. Kaibebe."

Dina aliikumbatia ngoma kifuani. Akafuta vinyesi vya panya kwa tambara, akawasha magunzi ya mahindi uani, akaigeuzageuza karibu na moto mpaka samli ikamchuruzikia mikononi. Harufu ikawa mbaya maradufu. Hakubana pua, kwani mikono yote miwili ilikuwa kazini. Baadaye Marietha aliigonga kidogo, ikaitika, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Walipomaliza kurekodi upya, mjomba akasema, "Wahenga walinena, mchagua jembe si mkulima. Programu ni jembe zuri, na ipo siku nitaitumia. Lakini haiwezi kumfanyia mtu kazi aliyoikimbia, wala haiwezi kuusafisha uongo. Kazi yenye harufu nayo ni kazi."

Wimbo uliporushwa, Dina alikuwa Mgori pamoja na Marietha. Mzee Mazengo alisikiliza macho yamefumbwa, vidole vikigonga ubavu wa kitanda.

"Mjukuu wangu huyo," alisema. "Na nani aliyeipasha?"

"Mimi, babu. Lakini mara ya kwanza niliikimbia."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, kisha akamnyooshea mkono. Ulinuka samli ileile aliyozoea kuipaka ngoma yake. Dina aliupokea kwa mikono miwili, akasema shikamoo, na hakwenda kunawa.