Wageni wa Siku ya Tisa

Jumanne, saa moja kasoro dakika tano asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika tangu saa kumi na moja alfajiri, lakini mawingu hayakuondoka. Daktari wa mifugo aliegesha baiskeli yake ukutani, akaingia bandani, akainama juu ya karai la maji. Ndani yake alielea bata jike mweupe, shingo imelegea kama kamba iliyolowa.

"Ni mmoja wa wageni," alisema mwenye nyumba, seremala ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. "Mke wangu ndiye aliyemwona, saa kumi na mbili na nusu. Wa pili anachechemea. Wa tatu kajibanza nyuma ya mbao, hataki kutoka."

Wageni walikuwa watatu. Daktari mwenyewe aliagiza wawekwe upande wao wa banda, nyuma ya wavu wa waya, ili wenyeji sita wawazoee kwa macho kabla ya kuwazoea kwa midomo. Agizo lake lilikuwa bado linaning'inia msumarini, kwenye kipande cha boksi, kwa herufi kubwa: WAGENI WATENGWE SIKU KUMI NA NNE. Hii ilikuwa siku ya tisa. Mlango wa wavu ulikuwa wazi.

Daktari alimgeuza bata mkononi, bila haraka.

"Hakuna jeraha la kisu wala alama ya meno. Manyoya ya kisogo yameng'olewa, na maji yamejaa puani. Muuaji yule pale." Alionyesha kwa kidevu bata dume mnene aliyesimama kando, kifua mbele. Nyumba nzima ilimwita Mwenyekiti. "Amemkandamiza majini. Bata dume akiona mgeni kwake ghafla, hana salamu nyingine. Swali ni nani aliyefungua mlango."

"Hilo nimeshalijibu," alisema Fundi. "Afande atahama kabla ya saa sita mchana."

Afande alikuwa mpangaji wa chumba cha uani. Alilinda ghala usiku na kulala mchana. Wiki iliyopita, mbele ya watu, alisema kwamba bata wale atawanyamazisha yeye mwenyewe. Sasa alikuwa ameketi juu ya kifurushi chake mlangoni, bado amevaa sare. Katika chumba kile alikuwa amekaa miaka kumi na mmoja, na hakuwa na kwingine.

Daktari alirudi kwenye wavu. Aliona mambo matatu. Kamba ya mlango haikukatwa. Ilifunguliwa fundo kwa fundo, ikakunjwa, ikatundikwa vizuri. Kizingitini, nusu huku na nusu kule, palikuwa na sinia lililojaa matope na pumba iliyolowekwa. Alichomeka kidole katikati ya pumba: vuguvugu. Na hatua mbili kutoka hapo, ardhini, palikuwa na matundu matatu madogo, yenye kingo kali, yasiyo na maji ya mvua.

"Unawapa pumba ya maji ya moto?" aliuliza.

"Bata? Mimi mwenyewe nakula kiporo," alijibu Fundi. "Wanakula kavu."

Daktari alimwendea Afande kwanza.

"Zamu yako iliisha saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na robo nilitia sahihi. Kutoka ghalani ni mwendo wa nusu saa. Nimefika hapa, Fundi kanipokea na mkono kiunoni."

"Ulisema utawanyamazisha."

"Nilisema, Daktari. Hata mke wangu nilimwambia hivyo miaka ishirini, na aliyenyamaza ni mimi."

"Una jiko chumbani?"

"Nina mshumaa na kikombe."

Kisha alizungumza na dobi, jirani aliyekuwa akianika shuka upande wa pili wa ukuta. Magomvi yake na Fundi kuhusu matope ya bata yalijulikana na wote.

"Ningeua bata ningeanza na huyo Mwenyekiti wenu," alisema dobi, pini ya nguo mdomoni. "Wale wageni wamenikosea nini? Hawajapata hata nafasi ya kunichafulia shuka."

"Ungeweza kupita kwenye lango hili dogo la ukutani?"

"Kwa kufuli hilo? Liko upande wenu. Muulize mwenye ufunguo."

Daktari alilitikisa kufuli la lango dogo. Kutu yake haikuwa imeguswa kwa miezi.

Jikoni, saa mbili na dakika kumi, mke wa Fundi, mwalimu wa shule aliyekuwa likizoni, alikuwa akifungua kabati moja baada ya jingine.

"Unatafuta nini, Mwalimu?"

"Sinia la mama mkwe, la maua mekundu. Kila asubuhi namtengea chai humo. Leo itabidi nimpelekee mkononi kama muuza chai wa stendi."

"Moto nani aliuwasha leo?"

"Nimekuta maji yameshachemka. Nikajua ni Fundi."

"Nipe kikombe. Nitampelekea mimi."

Mama yake Fundi alikuwa amefunga nyumba yake miezi miwili iliyopita na kuhamia kwa mwanawe. Chumba chake kilikuwa safi kupita kiasi. Kitanda kimetandikwa, pazia limepigwa pasi, kiti cha mikono kimewekwa dirishani. Kando ya kiti palikuwa na kigoda cha miguu mitatu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Weka hapo."

"Wanakutunza vizuri?"

"Sana. Hapa nimetengewa kila kitu. Chumba changu, kikombe changu, kiti changu. Nikishika ufagio wananinyang'anya, wananiambia, Mama pumzika." Alitazama nje. "Tangu nimekuja sijaosha hata kijiko."

Daktari alilisikia neno lile, nimetengewa, likigeuka sikioni mwake kama jiwe linalogeuzwa likaonyesha upande wa pili. Aliutambua mwandiko wake mwenyewe, wa kile kipande cha boksi: watengwe. Alijua pia ukimya wa chumba ambamo kikombe ni kimoja. Kwake kulikuwa na cha namna hiyo. Aliinua kigoda. Miguu yote mitatu ilikuwa na matope mabichi.

"Mama," alisema polepole, "Afande anahama saa sita."

Kikombe kilitua mezani.

Saa nne kamili Daktari aliwakusanya uani. Alieleza kwa mpangilio: fundo lililofunguliwa kwa subira, pumba iliyopata moto wa jikoni, kufuli lisiloguswa, sahihi ya ghalani. Aliosha sinia mbele yao kwa maji ya bomba. Maua mekundu yakatokea.

Mwalimu aliweka mkono mdomoni. Fundi aliangalia sinia, kisha dirisha la mama yake.

"Haiwezekani," alisema.

"Inawezekana." Mama alikuwa amesimama mlangoni, kigoda mkononi. "Mwacheni huyo baba akalale. Ni mimi."

Alikuja taratibu mpaka kwenye wavu.

"Siku nane nimewatazama kutoka dirishani. Wanakula huku wanatazamana, waya katikati. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Hawa hawakupewa jembe wala jina. Nikasema, waliokula sinia moja hawapigani. Nikakaa nao. Wakala, tena vizuri, kichwa kwa kichwa. Nikaenda kuwaongezea maji. Niliporudi, yule dume yuko karaini juu ya mwenzake. Nilivuta, magoti yakakataa."

"Mbona hukutuita, Mama?" aliuliza Fundi.

"Mwenye nyumba akivunja chungu haulizwi. Mgeni akivunja huomba radhi. Nilikaa kitandani nikijiuliza mimi ni yupi, na jibu likachelewa." Akamgeukia Afande. "Nisamehe. Nilikuona na kifurushi, nikanyamaza."

"Yameisha, Mama," alisema Afande. "Mimi hata jina langu hapa wamelisahau, nimebaki na cheo tu."

Fundi alicheka kidogo, kisha akashindwa kuendelea.

Daktari alishusha kipande cha boksi, akakigeuza, akaandika upande wa pili: WATENGWE SIKU TANO ZILIZOBAKI. MTU AKAE NAO. Akakirudisha msumarini.

Afande alirudisha kifurushi ndani na kulala saa tano kasorobo. Dobi, aliyesikiliza yote ng'ambo ya ukuta, alimaliza kuanika shuka. Fundi alimzika bata chini ya ukuta, akafunga mlango wa wavu, akaenda kumwomba Afande radhi, akamkuta anakoroma, akasubiri mlangoni. Mwalimu alimkabidhi mama mkwe ufagio, debe la pumba na sufuria zote za asubuhi ile, bila kusema pumzika. Mama aliosha vyombo, kisha akatoa kigoda chake na kuketi kando ya wavu, karibu na yule anayechechemea. Mwenyekiti alizunguka mara mbili na kwenda kunywa maji.

Daktari aliandika kwenye daftari la kazi saa ya kuondoka, saa tano na robo. Nafasi ya sababu ya kifo aliiacha wazi. Aliijaza jioni kwa neno moja, kutengwa, nyumbani kwake, ambako hakukuwa na mtu wa kumuuliza siku ilikwendaje.