Bata wa Kisiwani

Mwaka 1996, kila alfajiri Kihara alishika debe na fimbo, akapiga kelele shambani kama mhubiri asiye na waumini. Bata wa mwituni walikuwa wakila ngano yake kando ya ziwa dogo karibu na Mweiga, kisha wakirudi kisiwani kupumzika.

"Wametoka Ulaya ati kukula kwangu! Nani aliwapa visa?" alimlalamikia mkewe, Wamucii.

Wamucii alicheka. Hakujua kwamba juzi mumewe aliloweka mahindi katika dawa ya kupe, akavuka kwa mashua, akayamwaga kisiwani.

Jumamosi Mbuvi, afisa wa kilimo, aliwapeleka wakulima kisiwani kuwatazama bata hao. Kihara naye alienda, asishukiwe. Alipiga domo njia nzima.

Walipofika, akajificha nyuma ya wenzake. Bata walilala matopeni, shingo zimelegea. Hakuna aliyelia wala kuruka.

Mbuvi aliokota punje ya mahindi, akainusa. "Dawa ya kupe! Wengine watakuwa wamefia ng'ambo ya ziwa. Mtu asiokote akapika!"

"Kihara," akasema mzee Hezekiah, "si nimekutana na mtoto wako Watiri asubuhi amebeba bata mmoja?"

Kihara alikimbilia mashua. "Ni mimi niliwawekea sumu! Nirudisheni kwa mtoto wangu!"

Nyumbani, sufuria ilikuwa ikitokota. Mbwa wao, aliyetupiwa matumbo ya bata, alikuwa amekauka langoni, povu mdomoni, Wamucii asijue.

"Mmekula?"

"Bado. Haraka ya nini? Wacha iive," akasema Wamucii.

Kihara aliipindua sufuria kwa teke.

"Mama Watiri, moto hauondoi sumu," alieleza Mbuvi, aliyekuwa amemfuata. "Mnyama aliyekufa ovyo haliwi. Dawa ya mifugo haitiwi kwenye nafaka. Na ng'ombe wenu wanakunywa maji ya ziwa hilo! Nawa mikono kwa sabuni, wewe na mtoto. Nyama hii na mizoga yote tuizike, shimo refu, mbali na maji. Msiishike kwa mikono mitupu."

"Na ngano yangu?" Kihara aliuliza kwa sauti ndogo.

"Uko na kaseti mbovu? Toa utepe, uufunge kwa vijiti shambani. Upepo ukiupiga, unang'aa na kuvuma. Bata wengine wakija, wataogopa."

Alifanya hivyo. Akavuna magunia kumi na moja.

Mwaka uliofuata familia ilivuka kisiwani kuwatazama wageni. Watiri alihesabu bata tisa.

"Baba, kabla ya ile sumu walikuwa wangapi?"

Kihara alinyosha mkono, akaonyesha ufuo wote wa kisiwa, mwanzo hadi mwisho.