Shairi la Ukingo, Shairi la Kina

Fundi Bomba alivunja uchumba wake akiwa amenyolewa nusu kichwa, na harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki ileile.

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye kiti cha Kinyozi, rafiki yake wa tangu utotoni, ambaye ndiye angemsimamia harusini. Mashine inanguruma, na mdomo wa Kinyozi unanguruma kuishinda. Mara simu ya Kinyozi, iliyokuwa chini ya kioo, ikawaka. Jina: Mwalimu. Huyo ndiye mchumba wa Fundi, anayefundisha watu wazima kuogelea.

Fundi akanyoosha shingo.

"Usisome hiyo!" Kinyozi akaruka.

Ukitaka mtu asome, mwambie asisome. Fundi alishaidaka.

*Ukingo nimeuacha, sakafu sijaigusa,*
*Pumzi imenikacha, na kurudi nimesusa.*

Chini yake: "Usimwambie kitu. Nakuamini."

"Nini hiki?" Fundi aliuliza.

"Shairi."

"Macho ninayo! Mchumba wangu anakutumia wewe mashairi?"

"Kaa nimalizie kichwa, ndugu yangu. Hutazamiki."

"Jibu!"

"Nimeahidi kunyamaza. Subiri Jumamosi, utanishukuru."

"Nikushukuru kwa kunizunguka?"

Fundi akatoa simu yake. Naye alikuwa na shairi lake, alilotumiwa siku Mwalimu alipokubali posa. Alikuwa amelihifadhi lote. Hata akilala chini ya sinki la mteja, alilighani.

*Maji yako yatulia, sakafu ninaiona,*
*Ukingo nashikilia, nami hofu sina tena.*

"Linganisha!" alifoka. "Kwangu maji yametulia kama ya ndoo. Kwako pumzi imemkata! Kwangu sakafu anaiona. Kwako haigusi hata kwa kidole! Mimi nimeshikwa kama reli ya ngazi, wewe umeachiwa mwili mzima!"

"Hapo hata mimi nimeona tofauti," alisema mteja mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake.

"Wewe hujaulizwa," Kinyozi akamkata. Akamgeukia Fundi. "Unasoma kama mtu asiyeyajua maji."

"Maji nayajua kuliko wewe! Kila siku nayafunga na kuyafungua!"

Vidole vyake vilishaanza kazi. Kundi la harusi kwenye simu lilikuwa na ukoo wote wa mume na ukoo wote wa mke. Akaandika: "Harusi hakuna. Bibi harusi ana bwana, na bwana mwenyewe ni Kinyozi."

"Umetuma wapi?" Kinyozi alipauka.

"Kwenye kundi."

"Futa! Shairi ni lako, mpumbavu wewe! Aliniomba nipime mizani tu, kisha Jumamosi nilighani mbele ya wageni. Ilikuwa zawadi yako!"

"Njia ya mwongo fupi," Fundi akajibu, akatoka na kitambaa cha kunyolea bado kimening'inia shingoni.

Hajafika mbali, mama mkwe akapiga.

"Mwanangu, nimesoma ulichoandika. Mikono imekufa ganzi. Umemuuliza mwenyewe?"

"Ndiyo naenda kumuuliza, mama."

"Yaani hujamuuliza, ukatutangazia sisi?"

Simu ikakatwa.

Mwalimu alikuwa ndani ya bwawa, maji yamemfika kifuani, akimfundisha mwanamke mnene aliyeng'ang'ania ukingo kama anaibiwa. Alipomwona Fundi akaangua kicheko.

"Mungu wangu! Nani kakunyoa hivyo?"

Fundi hakucheka. Akachuchumaa, akamtajia mashairi yote mawili kwa kichwa, neno kwa neno.

"Kwangu unashika ukingo. Huyu wa pili ni nani, hata umwachie?"

Mwalimu akaona haya, akatabasamu. "Kinyozi kashindwa kuficha? Basi, zawadi imekwisha utamu. Yote mawili ni yako."

"Yangu?"

"La kwanza niliandika nikiwa bado nakuogopa. Mtazame huyu mama."

"Mwalimu, mimi siogopi," mwanamke akadakia, vidole vimekakamaa kwenye ukingo.

"Umesikia? Anayesema haogopi huku kashika ukingo, ndiye anayeogopa. Na mimi nilikuwa hivyo. Mtu huachia akishaamini kwamba maji yatambeba."

"Na... na pumzi?"

"Pumzi humkata aliyekwenda mbali, Fundi. Nilikuwa nakwambia sirudi tena ukingoni."

Fundi akakaa kwenye sakafu iliyolowa. Alitaka kucheka, alitaka kulia. Kwenye benchi, simu ya Mwalimu ilikuwa inaita, inakata, inaita.

"Usiipokee," Fundi alisema haraka.

Naye hakuwa amejifunza kitu. Mwalimu alipanda ngazi, akafuta mikono, akasoma. Akasoma tena. Maji yalimchuruzika, wala hakujifuta.

"Umeandika wewe?"

"Nilikuwa na hasira, mpenzi. Nafuta sasa hivi."

"Baba yangu yumo humu. Wadogo zangu wamo."

"Nafuta!"

"Utafuta kwenye simu. Kwenye vichwa vyao utafutaje?"

"Nisamehe. Nilishtuka."

"Umeshtuka wewe?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na ndiyo ikatisha zaidi. "Nakuuliza kitu kimoja. Ulipoona shairi la mtu aliyezama kwa mapenzi, hukuwaza hata kidogo kwamba anayependwa hivyo ni wewe?"

Ukweli ni kwamba Fundi hakuwaza.

"Basi," Mwalimu akasema. "Siwezi kuolewa na mtu anayeamini nampenda kidogo hivyo."

Akavua pete, akamwekea kiganjani, akakifunga yeye mwenyewe kile kiganja. Kisha akarudi majini kwa mwanafunzi wake.

Fundi alipoteza mke ambaye hakuwa hata amemuoa. Alipoteza rafiki, maana Kinyozi mpaka leo akimwona huvuka barabara. Alipoteza mama mkwe, naye mama wa kumzaa hakuwa naye tangu utotoni. Watu watatu, kabla ya chakula cha mchana.