Kava la Cheni

Jirani zangu, nisikilizeni leo, hata ninyi ambao mkiniona mnavuka barabara mkidhani nitawasema juu ya tairi zenu zilizokwisha. Mnanijua. Ninauza spea za pikipiki, duka aliloniachia marehemu mume wangu, na mwaka huu natimiza miaka kumi na tisa nyuma ya kaunta hii. Haya ninayoyasimulia sikuyasikia kwa watu. Yalitokea mbele ya macho yangu, na mimi mwenyewe nina mkono wangu ndani yake.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na duka langu, ilikuwapo nyumba yenye amani. Baba wa nyumba alikuwa mpaka rangi. Tulimwita Brashi, kwa sababu hakuna siku aliyorudi kutoka kazini bila tone la rangi nyweleni. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Asubuhi nilipofungua duka, nilimkuta tayari ameketi dirishani, miguu yote miwili juu ya kanyagio la cherehani, sare za shule zikimtoka mikononi kama maji. Binti yao wa miaka tisa alipita chini ya meza na sumaku, akiokota pini zilizodondoka, huku baba yake akimtania kwamba akikosa moja ataikanyaga yeye. Walicheka sana nyumba ile. Mimi mjane wa kukaa peke yangu, kicheko chao kilinisaidia kunywa chai.

Taabu yao ilikuwa ni safari. Mama alibeba mafurushi ya sare kichwani hadi shule tatu tofauti, na Brashi alitembea na makopo ya rangi mpaka mabega yakalalamika. Wakakubaliana wanunue pikipiki ya bei wanayoiweza, yaani kuukuu. Kaka yake mama, fundi pikipiki, akaahidi kuwachagulia. Nami nikafuatana nao, maana muuzaji nilikuwa namfahamu.

Jamani, yule fundi alijua kuchagua! Pikipiki ya kwanza iling'aa kama imetoka dukani jana. Brashi akaikalia papo hapo, akajitazama kwenye kioo. Shemeji yake akasogea. Aliweka kiganja juu ya injini, akakitoa haraka.

"Shuka, shemeji. Hii imewashwa kabla hatujafika. Injini nzima haina haja ya kupashwa moto ili mteja asione inavyogoma ikiwa baridi."

Ya pili iliwaka vizuri, lakini moshi wake ulikuwa wa buluu. "Inakunywa oili," akasema, tukasogea. Ya tatu ilikuwa kwenye kona ya mwisho, silinda moja, tangi limefubaa, kiti kimeshonwa mara mbili. Akaigusa: baridi. Akapiga kiki ya kwanza, kimya. Ya pili ikawaka, ikatulia ikinguruma taratibu. Akatikisa gurudumu la mbele, akavuta breki, akafungua kifuniko kidogo kwenye kava la cheni akachungulia meno ya sproketi yanayoivuta cheni. Kava lenyewe lilikuwa bati zito, limeifunika cheni yote kuanzia mbele hadi nyuma.

"Hii hapa," akasema. "Silinda moja haina siri. Ikiharibika utaiona, na spea zake hata huyu mama anazo. Angalia oili kila Jumamosi, kaza cheni, badilisha breki kabla hazijalia. Na bati hili, shemeji, usije ukalitoa. Dada anakaa kiupande, na magauni yake ni marefu."

"Nimesikia, shemeji."

"Usisikie tu. Nimekwambia mbele ya mashahidi."

Mashahidi tulikuwa wawili, mkewe na mimi.

Miezi mitano walikula matunda ya uamuzi ule. Mama akapata shule ya nne. Brashi akapata kazi za mbali, na Jumamosi nilimwona amechuchumaa na kitambaa, akipima oili kama alivyofundishwa. Laiti angebaki hivyo.

Lakini binadamu tuna ugonjwa mmoja: tukishapata kinachotutosha, tunaanza kutazama nyuso za wanaotutazama. Wapaka rangi wenzake walikuwa na pikipiki mpya, zina taa za kila rangi, cheni ziko nje zinameremeta. Kila alipofika kazini walimpokea kwa vigelegele. "Babu kafika! Babu, hilo bati umelibebea ugonjwa gani? Au ndiyo sufuria ya chakula cha mchana?" Utani tu, wala hawakuwa na nia mbaya. Ila ulimwingia. Jumamosi moja nilimwona ana kitambaa kama kawaida, lakini hakuwa anapima oili. Alikuwa anasugua ekzosi, bomba la moshi, ing'ae.

Halafu siku moja akaja dukani, kava amelikumbatia kifuani. Alikwisha kulifungua.

"Mama, nataka zile taa mbili za buluu. Nikuachie hili bati, tubadilishane."

Nikaliangalia. Ndugu zangu, niwaambie ukweli wangu wote: makava ya aina ile hayapatikani tena. Wateja walikuwa wakiniulizia mwaka mzima. Moyo wangu uliruka kwa furaha kabla akili haijafika.

"Mkeo anajua?" nikauliza.

"Mama nawe! Mke wangu ana cherehani yake, mimi nina pikipiki yangu. Mimi simwingilii kwenye uzi."

"Kaka yake alisema..."

"Kaka yake siye anayechekwa kazini."

Ningeweza kumwambia arudi akalifunge. Ningeweza kukataa tu kubadilishana, basi, angeondoka na bati lake. Nilichofanya ni kumfungia zile taa kwenye gazeti, na kava nikalitundika ukutani, mahali pa kuonekana. Hata nilimsindikiza mlangoni, nikamwambia pikipiki sasa imependeza.

Mkewe aliona. Magauni yakaanza kupata madoa meusi pindoni, naye fundi wa nguo, asingekosa kuyaona. Nilimsikia akimwambia mumewe barazani, kwa upole, "Baba, hii cheni inanitia hofu." Naye akamjibu, "Kusanya gauni lako vizuri, mama. Watu wote wanapanda hivyo."

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Walikuwa wanapeleka sare arobaini kwa ile shule ya nne, furushi mapajani mwa mama, mkono mmoja umelishika pamoja na pindo la gauni, mwingine umemshika mumewe kiunoni. Walipofika kwenye tuta, hatua chache tu kutoka dukani kwangu, furushi likataka kuteleza. Mama akaachia gauni ili alizuie. Pindo likashuka, cheni ikalidaka, na likavutwa ndani pamoja na mguu wake wa kulia.

Brashi alisema baadaye kwamba alidhani furushi limeanguka.

Nilifika wa kwanza. Sitawaeleza nilichokiona. Mama alikuwa na mkasi kwenye mkoba wake, nikautoa, nikaanza kukata gauni kwa pupa mpaka nikajikata mwenyewe. Yeye alikuwa amelala juu ya lami, macho makavu kabisa, anatazama lile furushi.

"Mama, zisogeze sare," akaniambia. "Zisiingie damu. Za watoto wa watu hizo."

Mumewe alikuwa amepiga magoti, ameshika gurudumu kwa mikono yote miwili kana kwamba litazunguka tena. Analia, anaita, "Mama watoto, nisamehe, nisamehe." Taa za buluu bado zilikuwa zinawaka.

Hospitali walijitahidi siku tatu. Siku ya nne wakaukata mguu, juu ya kifundo.

Mtasema kuna mguu wa kushoto. Hata mimi nilisema hivyo. Alijaribu, nilimwona dirishani, anakanyaga kwa mguu mmoja, gurudumu la cherehani linageuka nyuma, uzi unakatika, anaupitisha upya, unakatika. Kaka yake akamfungia mota ya umeme. Nayo ilitaka mguu mwepesi wa kuipima mwendo, na mguu wake wa kulia ndio uliokuwa umejifunza kazi hiyo miaka ishirini. Wa kushoto ulikandamiza tu, sindano ikakimbia, ikamchoma kidole. Shule zikasubiri muhula mmoja, kisha zikatafuta fundi mwingine, na sikuwaona na kosa. Brashi akaacha kucheka, akaacha na kula mezani na wenzake. Kazini hawamwiti Babu tena. Hawamwiti kabisa, wanampa kazi yake, wananyamaza.

Mwezi wa tatu baada ya ajali nikashindwa kuvumilia. Nikavuka barabara, nikaketi chini mbele yake, mimi mtu mzima, nikamwambia kila kitu: bati, taa, furaha yangu, maneno yangu ya mlangoni.

Hakushtuka. "Nilijua, mama," akasema. "Nililiona ukutani kwako, siku ya pili tu. Nilikuja kununua balbu."

"Mbona hukuniuliza, mwanangu?"

"Wateja walikuwa wengi. Nikaona nitamwaibisha baba watoto. Nikasema nitakaa vizuri tu." Akatazama pale palipokuwa na mguu. "Na wewe je, mama? Kila siku uliniona nikipanda."

 Binti yao, aliyekuwa akisikiliza pembeni, aliinuka akaenda nje.

FUNZO

Wanaotaka kununua pikipiki kuukuu, msiione aibu. Nunueni. Iguseni injini ikiwa baridi, tazameni moshi, ombeni fundi mnayemwamini afuatane nanyi, na mkishaipata, itunzeni kwa oili na si kwa mapambo. Kila bati lililofungwa pale kiwandani lilifungwa kwa sababu ya mwili wa mtu fulani, na mtu huyo huenda ni mkeo.

Waume, anayeketi nyuma yenu akisema anaogopa, simamisheni pikipiki. Wake, msikae vizuri tu, shukeni. Vijana mnaotaniana kazini, tanianeni juu ya mambo mengine.

Na sisi tuliobaki, wauzaji, majirani, mashahidi, tuache kumwachia kila mtu nyumba yake tukijua kinachokuja. Tangu nilitundike bati lile, niliwaona wakipita mbele ya duka hili siku kumi na nane. Siku kumi na nane nilikuwa na nafasi ya kunyanyua mkono na kuwasimamisha, na kila siku nilinyanyua mkono nikawapungia.