Mita Kumi na Nane za Mama Saruji

"Kumi na moja... kumi na mbili."

Tepu ikaishia hewani. Mbele yake palikuwa na mtaro wa msingi uliochimbwa hadi kiunoni, nondo zimeshafungwa ndani.

Fundi cherehani akainuka taratibu, mkono mgongoni. Tangu ukingoni mwa mto alikuwa anainama na kuinuka na tepu yake ya kupimia nguo, mita moja na nusu kila mara. Mara kumi na mbili, mita kumi na nane. Sheria ilitaka nyumba ikae mita sitini kutoka mtoni.

Mwashi aliyekuwa anakoroga zege akashindwa kujizuia.

"Dada, huo mto unaushonea suti au gauni?"

Wenzake wakaangua kicheko. Fundi cherehani hakucheka.

"Nani kawaruhusu kuchimba hapa?"

"Haa! Kibali tunacho, dada yangu. Soma mwenyewe, kile pale ubaoni."

Akasogea, akasoma kuanzia juu. Mwenye nyumba alikuwa yule tajiri wa duka la vifaa vya ujenzi, ambaye mji mzima ulimwita Mama Saruji. Chini palikuwa na muhuri, na juu ya muhuri palikuwa na sahihi ya ofisa wa kingo za mto. Jamani, ilikuwa sahihi ya mume wake!

"Huyu ofisa," akauliza, "amewahi kufika hapa?"

"Bwana Mita? Kila Jumamosi yupo! Anatuletea soda, anakagua nondo. Atakosaje kukagua nyumba ya mkewe?"

"Mkewe nani?"

"Si huyo bosi wetu, Mama Saruji. Kwani wewe mgeni hapa?"

Mgeni! Kiwanja kilichopakana na ule mtaro, kile chenye matete na miti, kilikuwa chake, urithi wa marehemu baba yake. Asubuhi ile alikuwa amekuja kutazama miti tu. Akapiga picha kibali, akakunja tepu yake, akaondoka bila kuaga. Kabla hajafika barabarani alikuwa ameshamtumia picha mkuu wa idara ya mumewe, na maneno matano: "Ni mita kumi na nane."

Sasa huyo Bwana Mita msimwone hivi hivi. Jina alilipata kwa kukataa. Matajiri wamekuja na bahasha, wamerudi nazo. Wazee wamekuja na machozi, wamerudi nayo. Hata mkewe alipoomba, alikataliwa. Ndiyo maana miaka tisa walikuwa bado wanapanga vyumba viwili, cherehani inabanana na kitanda, na mvua ikinyesha wanapanga masufuria sakafuni.

Mchana akaja kula. Mkewe akamwekea chakula, akakaa mkabala naye.

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Doria, kama kawaida. Kuna watu wanamwaga taka mtoni."

"Na soda uliwanunulia za rangi gani?"

Kijiko kikasimama njiani. Mkewe akaiweka simu mezani, picha ya kibali ikimtazama.

"Mke wangu, nisikilize..."

"Miaka tisa nakusikiliza! Nilipokuomba nijenge vyumba viwili kwenye kiwanja cha baba yangu, ulinijibu nini?"

Mume akakirudisha kijiko sahanini.

"Si nakuuliza?"

"Nilisema... mto hauna shemeji."

"Mto hauna shemeji! Nikaenda kwa kaka zangu nikawaambia hivyo hivyo, kifua mbele, wakanicheka mpaka wakakaa chini. Mama yangu kafia hapa, kwenye kitanda hiki, akiniambia mwanangu vumilia, umepata mume mwaminifu. Kumbe mto hauna shemeji lakini hawara unaye!"

"Ni shetani tu, alinipitia."

"Shetani naye ana muhuri wa ofisi?"

Simu ya mume ikatetemeka mezani. Mkewe akawahi kuichukua, akasoma kwa sauti:

"'Mume wangu, mafundi wanasema kuna mwanamke kachanganyikiwa, kaja kupima kiwanja na tepu ya nguo. Nenda ukamfukuze, mpenzi.'" Akamrudishia. "Mjibu basi. Mwambie huyo kichaa unakula naye hapa."

Mume akaigeuza simu kifudifudi.

"Ungelala naye tu, ningelia, ningekonda, pengine ningesamehe. Wangapi wamesamehe! Lakini kile ulichoninyima mimi, ukaniambia sheria ndiyo inayokataa, yeye umempa. Kwa hiyo sheria ilitungwa kwa ajili yangu peke yangu?"

"Wewe ndiye mtu pekee aliyeniona msafi," mume akasema polepole. "Wengine wote wananiona mtu wa kununuliwa, wanabishania bei tu. Ningekusainia na wewe, nani angebaki?"

Moyo, ewe moyo! Kwa dakika nzima ukataka kulegea. Alimpenda huyu mtu, na uchungu wenyewe ulikuwa hapo. Kisha simu ikaita tena. Alikuwa mkuu wa idara, na sauti yake ilisikika chumba kizima.

"Kesho saa nne ofisini kwangu. Mwenye nyumba nimemwita. Mkeo naye aje, ndiye aliyeleta taarifa."

Simu ikakatika. Bwana Mita akamgeukia mkewe, jasho linamtoka.

"Umeniua."

"Bado."

Akapiga magoti, mtu mzima, kwenye vipande vya vitambaa.

"Sikiliza. Kesho nitasema sahihi imeghushiwa. Mama Saruji kaghushi. Wewe unaijua sahihi yangu kuliko mtu yeyote. Ukisema si yangu, yamekwisha. Yeye ataenda polisi, mimi nitabaki kazini, tunaanza upya."

"Na huyo mpenzi wako?"

"Mpenzi gani? Nilikuwa napoteza muda tu."

"Na kiwanja changu?"

Akaushika mkono wa mkewe, akaubusu.

"Mwezi ujao nakusainia. Siyo viwili, vyumba vinne!"

Mkewe hakujibu. Bwana Mita akahesabu kimya kile kuwa ndiyo, na usiku ule akalala usingizi wa pono.

Saa nne juu ya alama walikuwa ofisini. Mkuu wa idara alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani, asiyependa hadithi ndefu. Mama Saruji alikuwa ameketi pembeni, kajipamba dhahabu.

"Mkuu," Bwana Mita akaanza, "sahihi hii si yangu. Huyu mama kaighushi."

Mama Saruji akaruka kwenye kiti.

"Mume wangu, unasema nini?"

"Mimi si mume wako. Nakufahamu dukani kwako tu, basi."

"Dukani tu? Na hilo shati ulilovaa nani kakununulia?"

Fundi cherehani akalitazama lile shati. Aliambiwa limegawiwa kwenye semina ya kazini. Kifungo cha tatu alikishona yeye mwenyewe, wiki iliyopita, kwa mapenzi yote.

Mama Saruji akamgeukia, kilemba kimemlegea.

"Dada yangu, Mungu ni shahidi, aliniambia mliachana zamani. Aliniambia ulimkimbia kwa sababu hana nyumba."

Lo! Hilo halikumpata moyoni tu, lilimpata mpaka miguuni. Miaka tisa ya masufuria sakafuni, leo yeye ndiye aliyekimbia umaskini.

Mkuu akagonga meza.

"Nyamazeni. Mama, wewe ni mkewe. Sahihi hii unaijua?"

"Naijua."

"Ni yake?"

Bwana Mita akamtazama mkewe, akatabasamu kidogo, kama alivyokuwa anatabasamu enzi za uchumba. Neno moja tu lilitakiwa. Neno moja, mpinzani wake aende na maji, mume arudi, na vyumba vinne vije mbio. Alivifikiria vyumba vile, wala tusidanganyane, alivifikiria mpaka rangi ya mapazia.

"Ni yake, mkuu."

"Mke wangu!"

"Unamwona anavyokataa?" mkuu akasema. "Atasema wewe una wivu. Neno lako dhidi ya lake."

"Wivu ninao, sikatai. Ndiyo maana sikuja na maneno matupu."

Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaitandaza kando ya kibali. Kilikuwa cheti chao cha ndoa. Chini kabisa ilikuwapo sahihi ileile, na mkia uleule uliopinda kushoto.

Mkuu akainama, akalinganisha, akainuka. Bwana Mita alikuwa ameshajishika kichwa. Mama Saruji alikuwa analia bila sauti.

"Inatosha," mkuu akasema. "Msingi utafukiwa kesho. Wewe bwana, acha muhuri hapo mezani." Kisha akakichukua cheti kwa upole. "Mama, subiri kidogo nje nikitolee nakala, nikurudishie chako."

Fundi cherehani akafunga mkoba, akasimama.

"Usijisumbue, mkuu. Kiache humo humo kwenye faili. Mimi sina kazi nacho tena."