Uzi Mwekundu Shingoni mwa Chupa

Mke wa mwanangu ni fundi cherehani, na mkono wake haukosei. Kusoma hakujua. Vipimo vya wateja alivipiga mafundo kwenye uzi, kila mteja na uzi wake, na nguo zilitoka sawasawa. Mwanangu naye hakusoma. Alisema sindano haiulizi cheti.

Chupa ya dawa ya kikohozi ikiisha, mkwe wangu aliijaza mafuta ya cherehani. Ili asichanganye, ya mafuta aliifunga uzi mwekundu shingoni.

Asubuhi moja mjukuu wangu alikohoa. Mama yake akachukua chupa isiyo na uzi, akamimina kijikoni. Bahati njema jirani yetu, muuguzi, alikuwa amekuja kujaribu sare yake. Alinusa, akaushika mkono wa mkwe wangu.

"Fundi, haya ni mafuta."

"Lakini hayana uzi."

Wakanitazama mimi. Uzi ule mwekundu ulikuwa kwenye miwani yangu, umeshikilia mguu wake uliovunjika.

Muuguzi alieleza kwamba mafuta yale yangeweza kuingia mapafuni na kumuua mtoto. Akageuza chupa, akatusomea ubavuni: usitie kitu kingine humu. Mimi nina darasa langu la saba, na sikuwahi kuigeuza.

"Watoto wa wazazi waliosoma huishi zaidi," akasema. "Wataalamu wamelichunguza hilo nchi nyingi. Cheti hakitibu mtu. Ila mzazi anayesoma hujua kipimo cha dawa, hujua tarehe ya chanjo, na akiona hatari hukimbilia zahanati, haulizaulizi uchochoroni."

Mwanangu akasema wao wamezeeka mno kuanza kusoma.

"Mtoto ana miaka miwili," muuguzi akamjibu. "Anakusubiri wewe, shemeji."

Mkwe wangu akamwaga kile kijiko nje. "Leo hii naenda kujiandikisha," akasema.

Mafuta yakarudi kwenye kopo lake. Kila jioni mkwe wangu alikwenda kwenye kisomo cha watu wazima. Mwanangu alimfuata akiburuta miguu, hadi alipoona mkewe anampita. Hapo akaanza kuwahi kiti cha mbele. Mimi nilisahihisha madaftari yao, na sikuwahurumia.

Mwaka uliofuata mtoto alikohoa tena. Nikatoa chupa kabatini kwa ujuzi wangu wote. Mkwe wangu akaichukua taratibu, akaigeuza, akasoma kwa kidole.

"Mama, dawa hii muda wake ulikwisha mwezi wa tatu. Tumpeleke zahanati."

Nikatafuta kandambili zangu. Siku hiyo sikuwa na la kusahihisha.